Kiti Kimoja, Ukuta Mweupe

Stockholm, Jumatatu

Mdogo wangu Vumilia,

Sisi wazima, ila baridi ya huku haina adabu. Kazini, kwenye makumbusho, tunatundika picha za mitindo ya mavazi za miaka mia mbili iliyopita, zilizochapwa kwa bamba la shaba. Upuuzi mtupu! Bibi mmoja yuko katikati ya karatasi, sura ile ile ya wenzake wote, kageuzwa mgongo ili mshono uonekane. Kando yake kiti kimoja. Nyuma hakuna nyumba, mume wala mtoto, maana mchoraji alikuwa anauza gauni tu.

Nikamkumbuka huyo Evodius unayetaka nimwite shemeji. Picha zote anazokutumia ni hizo hizo: suti, kiti kimoja, ukuta mweupe. Nawe umeshapeleka kitambaa cha harusi kwa fundi!

Jana nilimpitia kwake huku Hallonbergen, kitongoji cha pembeni mwa jiji, bila kumpigia simu. Alinisimamisha mlangoni kama mdai. Basi mwombe picha moja tu, ya hapo hapo mlangoni wanapovulia viatu. Vya kike vipo, na vya kitoto nimevikanyaga mwenyewe.

Dada yako asiyejua kupamba,
Dafrosa