Setilaiti Aliyoiona Mama

Juu ya duka la miwani,
Nyuma ya soko la mitumba.

Jumapili, 14 Agosti

Mpendwa Nyaya, kitinda mimba wetu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana nakujua: wewe huanza na shida, shikamoo huja mwishoni ukikumbuka. U hali gani huko ugenini? Kifua kimepona? Nilipokupigia simu juzi ulikuwa ukikohoa kila baada ya neno. Tafadhali usipande juu ya majengo ya watu kufunga umeme ukiwa na shati moja tu. Mama hayupo tena wa kukugombeza, kwa hiyo kazi hiyo nimeirithi mimi.

Huku tu wazima wa mwili. Shemeji yako anakusalimu, bado anakoroma. Mpwa wako ameota meno ya mbele na anauma kila kinachomkaribia, pamoja na vidole vya wageni.

Baba naye ni mzima, ukimtazama kwa nje. Nikimwekea chakula anakula. Asubuhi anafungua duka, anafuta kioo cha kabati, anapima watu macho. Lakini ndani, mdogo wangu, baba amevunjika, na ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kupiga simu. Mambo haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, na tutamaliza mazungumzo wewe ukiwa umesikia kilio tu.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu mazishi. Hakuna aliyekulaumu kwa kutofika, kila mtu anajua safari ni ndefu na ruhusa ulinyimwa. Walikuja watu hadi njia ikajaa. Wanawake walikuja na watoto wao, wengine watoto wenyewe sasa wana ndevu, na kila mama akawa anamsukuma wake mbele na kusema, "Huyu alipokelewa na yeye." Mkunga akifa ndivyo anavyosindikizwa, nimejifunza siku ile. Nililia mpaka nikakauka.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada ya hapo, na inabidi nirudi nyuma kidogo. Wewe uliondoka kabla nchi haijarusha setilaiti yake, kwa hiyo ile desturi yetu ya jioni umeisikia tu, hujaiona. Darubini ya baba unaikumbuka, ile aliyoiunda kwa bomba la maji na lenzi za dukani, mtaa mzima ukaibandika jina la mzinga. Basi setilaiti iliporushwa baba aliacha habari za mwezi na sayari, akawa na hiyo tu. Jua likishazama na anga likiwa safi, anapanda darini kwenye paa la saruji, anasimama kando ya tangi la maji, anangoja. Akiona ile nyota inayotembea inachomoza juu ya mapaa ya soko, anagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko ili na sisi tupande.

Mama alikuwa akijibu kutoka jikoni, "Nakuja na magoti yangu!" Kisha anapanda zile ngazi moja moja, mkono ukutani, akihema na kulalamika. Akifika, baba anamuuliza vilevile anavyowauliza wateja mbele ya ubao wa herufi: "Unaiona?" Mama anasema, "Naiona." Hapo ndipo ugomvi wao unapoanza, na ulikuwa ugomvi mtamu, majirani walikuwa wakizima redio wausikilize.

Mama alikuwa akisema, "Mtoto wenu huyo anatunzwa vizuri huko juu, na mimi huku chini nazalisha watu kwa tochi ya simu." Baba anajibu kwamba setilaiti itapiga picha za mito na kutuonya mafuriko kabla hayajafika. Mama naye, "Mafuriko? Paa la wodi yangu linavuja. Njoo kwa miguu ulione, huhitaji kupanda roketi." Hapo baba alikuwa akicheka sana.

Halafu ikaja ile homa ya mapafu. Mama alilazwa katika hospitali ileile aliyofanyia kazi, wodi ya pili kutoka yake. Mashine ya oksijeni ilikuwepo, Nyaya. Nimeiona kwa macho yangu, imesukumwa kwenye korido, imebandikwa karatasi kwamba ni mbovu, inasubiri kipuri. Baba alikaa kitandani akimshika mkono mpaka mkono ukawa hauna mtu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Tulikuwa bado na matanga kichwani ulipoitishwa mkutano katika ukumbi wa shule. Serikali inataka kurusha setilaiti ya pili na wananchi waliitwa watoe maoni. Ukumbi ulikuwa umewaka moto. Dereva wa gari la wagonjwa alisema gari lake linaanza kwa kusukumwa, na kama wataalamu wanajua sana kurusha vitu basi waje wamrushie hilo. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye madawati. Kisha wakamwona baba akisimama, wakanyamaza. Kila mtu alijua mkewe amekufaje. Walidhani anakwenda kuumaliza mkutano, na mimi niliyekaa ubavuni kwake nilidhani hivyohivyo.

Baba akasema, "Mke wangu alikuwa akiipinga setilaiti hii, na alikuwa na haki. Ile mashine itengenezwe hata kesho, na aliyeiacha koridoni aulizwe. Lakini nawaomba msiizime hii kazi. Nyumba ikiwa na panya unaziba matundu, sawa, lakini hufungi na madirisha. Mke wangu huyohuyo kila jioni alikuwa anapanda kuitazama. Mtu mwenye magoti mabaya hapandi ngazi kwenda kuangalia kitu asichokipenda."

Nilikasirika, nakuambia ukweli. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona kama amemchukua mama kaburini na kumpeleka upande ambao haukuwa wake.

Mtaalamu mmoja kijana aliyetoka kwenye kituo cha setilaiti alishika kipaza sauti. Hakuwa na ubaya, nadhani hakujua aongee vipi. Alisema, "Mzee, tunashukuru sana. Ila nisahihishe kidogo. Setilaiti yetu haionekani kwa macho, ni ndogo kama kopo la rangi. Hata kwa darubini ya nyumbani huwezi kuiona. Hiyo mliyokuwa mkiitazama ni kitu kingine."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mzee wa miwani, jipime macho mwenyewe!" Na mimi niliyekuwa nimekasirika nikajikuta nimesimama, nawatukana watu nisiowajua. Baba alinivuta gauni nikae. Kisha akatoa kitambaa, akafuta miwani yake taratibu, akaivaa, tukatoka.

Tulipofika nyumbani alipanda darini peke yake, akashusha mzinga, akaufungua, akazirudisha lenzi zote kwenye droo ya dukani pamoja na za wateja. Bomba akampa jirani anayetengeneza bafu. Sikumzuia, kwa sababu sikujua ningemzuia kwa maneno gani.

Yule kijana mtaalamu alikuja dukani siku chache baadaye, eti mkono wa miwani yake umelegea. Ulikuwa umelegea kweli, lakini sote tulijua kilichomleta. Baba alikaza skrubu, akamvalisha, akamuuliza kwa upole ile nyota inayotembea ni nini. Kijana akasema ni ganda la roketi ya nchi nyingine, lilimaliza kazi zamani, likaachwa huko linazunguka. Baba akamshukuru, akamfungulia mlango. Alipobaki na mimi akasema, "Kumbe tulikuwa tunatazama takataka za watu."

Tangu siku ile akawa na swali moja tu. Ananiuliza asubuhi, ananiuliza tukinywa chai, ananiuliza nikiwa nafua: "Mama yenu alijua?" Anasema kama mama hakujua, basi amemdanganya mpaka kaburini. Na kama alijua, basi kila jioni alikuwa akimcheka kimoyomoyo. Hakuna jibu la tatu, anasema, na yote mawili yanamuua. Alikonda, Nyaya. Mkanda wake alitoboa tundu jipya kwa msumari.

Ndiyo sababu nilikupigia simu juzi, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa mtu wa siri wa mama. Uliponiambia kwamba ulisoma ukubwa wa ile setilaiti ukamweleza mama mwaka uleule iliporushwa, nilikuomba urudie neno kwa neno. Yale maneno aliyokujibu niliyashika yote, na nilimpelekea baba yalivyo, sikuongeza chumvi.

Nilimkuta dukani anafuta lenzi. Nikamwambia, "Baba, mama alijua. Nyaya alimwambia zamani, na mama akamjibu hivi: 'Mwanangu, mimi kila mtoto aliyezaliwa mikononi mwangu nimemwambia mama yake, hongera, umezaa mtoto mzuri. Unadhani wote walikuwa wazuri? Mwache baba yako na mtoto wake, na ole wako umwambie.'"

Baba alicheka. Wallahi alicheka, kile kicheko chake cha kupiga meza, cha kwanza tangu tumzike mama. Alisema, "Mwanamke huyu! Mwanamke huyu!" Nikaanza kucheka naye. Kisha nikaona mabega yake yanaendelea kutikisika na sauti haitoki, nikajua si kicheko tena. Nilifunga mlango wa duka, nikageuza kibao upande wa kusema tumefunga.

Alipoweza kusema alisema hivi, na nakuandikia ili nisibaki nayo peke yangu: "Nimepima macho ya mtaa mzima. Mteja akisema anaona, namtazama usoni nijue kama ni kweli. Mama yako nilikuwa namuuliza, 'Unaiona?' halafu narudi kwenye darubini kabla hajamaliza kujibu. Sikumtazama usoni hata jioni moja." Nikataka kumwambia kwamba mama hakujali. Nikashindwa, maana sijui kama hakujali, na baba angejua kuwa sijui.

Hana kinyongo na wewe. Alisema tu ulifanya vizuri kuitunza siri, ila angefurahi siku moja ukimwambia kwa sauti yako mwenyewe. Mpigie. Msizungumze habari za nani alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe mpaka leo sijui niko upande gani. Nikipita kwenye ile korido natamani waiuze setilaiti na kituo chake na vipaza sauti vyao. Nikikumbuka mama anavyopanda ngazi akigombana, natamani warushe kumi.

Jana mawingu yalitawanyika baada ya wiki nzima. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, jua limeshazama, nikasikia miguu ya baba inapanda. Alikuwa hajapanda tangu ashushe mzinga. Nilitulia nisikilize. Kisha nikasikia mfuniko wa sufuria unagongwa, vilevile kama zamani, halafu kimya. Alikuwa amegonga kwa mazoea, nadhani, mkono ulikwenda wenyewe. Kile kimya kilikuwa kizito mno, Nyaya, sikuweza kukiacha kimkalie mzee wa watu. Nikaita, "Nakuja na magoti yangu!"

Sauti ilitoka ya mama. Sikuiiga, naapa, ilitoka tu. Na baba akajibu kutoka juu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu afiwe, "Basi njoo upesi, inapita!"

Nilifuta mikono nikaenda kwenye ngazi. Magoti yangu ni mazima, unajua, ningefika juu kabla hujahesabu. Lakini nilipanda moja moja, mkono ukutani, nikisimama kuhema ambako mama alikuwa akisimama, nikichelewa makusudi, maana nikitokeza kichwa tu ataona kwamba ni mimi.

Msalimie sana mkeo. Hatujawahi kumwona, lakini baba amesema nimwandikie kuwa tunamwona. Shemeji yako anakuomba ukirudi umtazamie ile swichi inayotoa cheche, na mpwa wako anangoja vidole vyako. Mungu akushike mkono huko juu ya majengo, akurudishe huku chini ukiwa mzima, na akurudishe mapema wakati bado kuna wa kumrudia.

Mimi nikupendaye, kwa niaba yangu na ya aliyetangulia,

Dada yako