Waraka wa Kuamka Mapema

Kwako Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini mgongo wako umepoa, shemeji amepona mafua, na mapacha wameacha kung'atana. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayochechemea, na sababu zake nitakueleza kwa utaratibu, maana nikianzia mwishoni utaiweka barua chini upige simu ofisini, na simu ya ofisini naipokea mimi.

Unajua kwamba kipindi changu cha majaribio hapa masijala kilikuwa kiishe mwezi huu. Karani wa majaribio akichelewa mara nne anafungasha virago, na mimi nilikuwa nimeshachelewa mara tatu. Mkuu wetu, ambaye wenzangu humwita Mzee Saini akiwa hayupo na Mheshimiwa akiwepo, aliniita akaniuliza kwa upole kama kitanda changu kina mikono, kwa jinsi kinavyonishikilia. Nikajibu kwamba hakina. Akasema basi kitanda hakina kosa, nitafute kwingine.

Nikatafuta. Unanijua, Dada: jambo lisiloandikwa kwangu si jambo. Mchana mmoja wenzangu walipokwenda kula, nilijichapia ratiba ya asubuhi. Na kwa kuwa mimi mwenyewe sijiogopi, ila ofisi naiogopa, niliandika kwa sauti ya ofisi. Nikachukua karatasi yenye nembo, nikaweka kumbukumbu namba, nikaandika YAH: KUAMKA MAPEMA. Kuamka saa kumi na moja kamili alfajiri bila majadiliano na mto. Bilauri mbili za maji ya uvuguvugu. Kuruka kamba mara hamsini. Kuoga maji baridi bila kupiga kelele. Kusoma kurasa tano za kitabu kisicho na picha. Kujitazama kwenye kioo na kutamka mara tatu kwamba leo sichelewi. Nikamalizia kwamba utekelezaji unaanza mara moja, na atakayeshindwa atajieleza kwa maandishi. Nilipoisoma nikatetemeka, nikajua itanifaa.

Mara nikasikia viatu kwenye korido. Nikaichomeka karatasi ndani ya jalada lililokuwa karibu. Lilikuwa jalada la barua za kusainiwa.

Mzee Saini hasomi, Dada. Huinua pembe ya karatasi kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani, hutia saini, husonga mbele. Jioni ile alisaini barua za likizo, za uhamisho, na yangu. Nilikumbuka nikiwa nimeshafika nyumbani. Nikajituliza kwamba asubuhi nitawahi niichomoe kabla mchapaji hajaanza kudurufu.

Na kweli niliamka saa kumi na moja! Nikanywa maji. Nikaruka kamba. Nilipofika kumi na mbili, bibi anayekaa chumba cha chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio, akauliza nyumba inajengwa au inabomolewa, ili ajue atoke au abaki. Nikamwomba radhi kupitia sakafu. Nikaoga, kwa kelele. Kisha nikaketi kitandani kusoma kurasa zangu tano. Ukurasa wa pili mpaka leo sijui unasemaje. Nilizinduka saa mbili na nusu.

Mara ya nne hiyo. Lakini hakuna aliyeniona nikiingia, maana ofisi nzima ilikuwa imejazana mbele ya ubao wa matangazo, inasoma ratiba yangu ikiwa na saini na mhuri.

Ofisi ilichangamka, Dada, kuliko siku ya kutangazwa uhamisho. Mchapaji, tunayemwita Mama Chapa, alitaka ufafanuzi: yeye huamka saa kumi mwaka wa ishirini sasa, apike, afue, avalishe watu; je, waraka unamruhusu kulala saa nzima zaidi, na nani atamjulisha mumewe? Dereva alisema maji baridi hayamtishi, ila kioo chake kimepasuka vipande vitatu, hivyo akitamka mara moja wametamka watu watatu, ahesabiwe amemaliza. Mtunza stoo alipokea maombi thelathini na sita ya kamba. Mhasibu aliteguka kifundo cha mguu kwenye mruko wa tisa, akaomba mapumziko huku akinukuu kumbukumbu namba yangu bila kukosea hata tarakimu.

Mzee Saini hakuweza kusema kwamba hakuusoma waraka. Kwa hiyo akautetea. Kila asubuhi alisimama mlangoni kuwauliza watu wamefika ukurasa wa ngapi. Mwenyewe alianza kuja na macho mekundu, akishuka ngazi kwa ubavu. Wiki ya pili aliniita, akafunga mlango, akaninong'oneza kwamba kwa wingi wa majukumu amesahau ni nani aliyemwandalia waraka ule mzuri. Nichunguze kwa siri, niripoti Ijumaa. Nikafungua jalada la uchunguzi. Nikajihoji. Majibu yangu yalikuwa ya kukwepakwepa.

Ijumaa niliingia na jalada tupu, nikasema yote kwa pumzi moja: ratiba, viatu vya kwenye korido, kurasa tano, na mara ya nne isiyoandikwa popote. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akauliza kama mimi mwenyewe kamba naruka. Nikasema niliruka kumi na mbili, siku moja. Hapo akayatazama magoti yake, akasema kwamba yeye, mtu mwenye wajukuu, ameruka hamsini kila alfajiri kwa amri ya mtoto aliyeruka kumi na mbili. Akageukia dirishani, mabega yakatikisika. Sijui alicheka au alilia, na sikuthubutu kuzunguka upande wa pili kuhakikisha.

Hukumu ikawa hii: waraka umefutwa, na majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Kisha akachomoa ufunguo wa mlango mkubwa, akanikabidhi. Mimi ndiye mfunguaji, saa moja na nusu kila siku. Alisema mchelewaji asiye na ufunguo humkosea mkuu wake tu. Mwenye ufunguo huwakosea watu arobaini, na mmoja wao ni Mama Chapa.

Siku ya kumi na moja hii leo, sijachelewa hata dakika. Sinywi maji, sigusi kamba, sisomi. Naamka kwa sababu namwona Mama Chapa amesimama nje ya mlango uliofungwa, ameshika kiuno.

Sasa lile lililonifanya niandike. Ulipojaza fomu ya mdhamini wangu, pale panapouliza tabia ya mwombaji, uliandika kwamba mimi ni mwamkaji, kwa kuwa nilikuambia chuoni naamka kabla ya jogoo. Dada, chuoni niliamka kwa sababu wenzangu wa chumbani walikuwa wananimwagia maji. Ulitia jina lako kwenye uongo wangu. Barua ya kuongezewa majaribio inanitaja kwa jina kuwa mchelewaji, na nakala yake lazima iende kwa mdhamini. Barua zote zitokazo hapa hupita mkononi mwangu. Hiyo yako nimeilalia siku mbili, nikiifikiria droo ya chini ambayo haifunguliwi na mtu. Leo nimeigonga mhuri, nikaiweka kwenye mfuko wa posta, na hii nitaiweka juu yake. Zitakufikia pamoja. Ile ya ofisi, yenye bahasha ya kaki, ifungue baadaye, ukiwa umeketi.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha. Mama usimwambie kwanza; akisikia atapanda basi aje aniamshe mwenyewe. Naishia hapa, ni saa moja na dakika ishirini na tano, na nasikia viatu vya mtu nje.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Mshika Ufunguo (kwa majaribio)