Droni ya Kufukuza Ndovu

Jumapili, Sagalla. Joto la kuchosha, mawingu yamejaa na mvua hakuna.

Nilitoka kanisani na furaha zangu. Naandika hivyo ili nikumbuke kwamba siku ilianza vizuri.

Mume wangu, Baba Wakesho, yuko nyumbani wiki ya pili sasa. Ni mpishi kwenye meli ya makontena. Safari hii amerudi amekonda, na chai anakunywa amesimama. Nilijua meli yao ilipigwa na droni kwenye Bahari ya Shamu, maana alinipigia simu kutoka bandarini akasema yuko salama. Zaidi ya hapo hasemi. Nikajiambia mtu amechoka, mwache apumzike.

Alasiri ndovu wakaingia kwenye mahindi yetu na ya jirani yangu, Mama Mghoi. Nikawapigia simu watu wa wanyamapori, wakaja na droni yao. Huku kwetu hiyo ni sherehe. Ikilia tu juu ya shamba, ndovu wanadhani ni nyuki, wanageuza kurudi mbugani, na sisi akina mama tunatoka na sufuria na vigelegele. Ilianza kuja Baba Wakesho akiwa baharini, kwa hivyo hakuwa ameiona hata siku moja.

"Baba Wakesho, toka uone maajabu!"

Mimi ndiye niliyemwita.

Alifika mlangoni, akatazama juu. Kisha akamnyakua Wakesho wetu pale alipokuwa akicheza, akakimbia naye nyuma ya tangi la maji, akamlalia. Mtoto alicheka kwanza, alidhani ni mchezo. Halafu akaanza kulia kwamba anaumia, na baba yake hakuinuka.

"Haki baharia mzima anaogopa kadege ka ndovu!" Mama Mghoi akasema, akicheka.

Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, mpaka nilipowakaribia nikaona suruali yake imelowa, na hayakuwa maji ya tangi.

Ndovu walienda. Mahindi karibu yote yamepona.

Baadaye tulikuwa jikoni, anachambua maharagwe, ndipo akaongea. Siku ile alisikia mlio akadhani ni feni ya jikoni imeharibika. Alikuwa ameinama kuikagua wakati sitaha ya juu ilipopigwa. Manowari za kuwalinda zilikuwepo, anasema, na zilitungua droni kadhaa. Lakini droni ni rahisi kutengeneza, na makombora ya kuzitungua ni ghali, tena yanaisha. Moja ikapenya. Rafiki yake aliyekuwa akipaka rangi huko juu hakurudi kula. Siku hizi meli nyingine zinazunguka Afrika nzima kuikwepa njia hiyo. Yake imeambiwa ipite pale pale.

Nikamwambia asirudi. Tuna mahindi, tutaishi.

Akaniangalia. "Na hayo mahindi yatalindwa na nini?"

Nikashika maharagwe yangu, naye akaendelea na yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Afadhali kule, Mama Wakesho. Kule ikilia, tunakimbia wote."

Sasa amejilaza, na viatu miguuni. Hapa ninapoandika, bodaboda imepanda mlima, nami nikasimamisha kalamu mpaka nikahakikisha kwamba kweli ni bodaboda.

Mama Mghoi ametuma ujumbe. Ndovu bado wako karibu na bwawa, na droni itarudi asubuhi. Siwezi kumkataza, ana watoto wa kulisha. Wakala wa meli naye anataka jibu wiki hii. Naogopa. Sijui nitamzuiaje huyu mwanamume.

Ila asubuhi ikilia, sitashika sufuria. Nitawahi nyuma ya tangi, na akifika atanikuta nimeshalala chini.