Maua Yaliyosafiri Bila Kibali

Jumatatu, 4 Novemba
Jua limetoka. Nimezitandaza picha za maua kwenye mkeka, zipate hewa kabla mvua haijarudi. Zilichapwa ng'ambo zamani sana, kisha mtu akazitia rangi kwa mkono, moja moja. Nilitoka nazo Kisimayu zimeviringishwa ndani ya mkeka huu huu, siku tuliyokimbia. Niliacha nyumba, vitabu, kaburi la mke wangu. Hizi nikazibeba.

Niipendayo ni waridi la jangwani. Mtia rangi hakuwahi kuuona mmea. Shina kalipaka kijani kama mgomba, na wekundu wa ua moja umevuka mstari. Shina halisi ni la kijivu. Hapa kambini Dadaab linajiotea nyuma ya matangi ya maji, mbuzi hawaligusi. Kwa mtia rangi yule lilikuwa ajabu.

Jumanne, 5 Novemba
Mwanangu Athumani kayarudia maneno yale yale. Yule bibi wa Nairobi, anayehifadhi picha za kale, anakuja Jumamosi. Atazichukua nikikubali. Ana chumba kikavu, makabati yasiyoingia mchwa. "Baba, hapa zitaoza. Bati linavuja."

Anasema kweli. Ndiyo maana nimekasirika. Nimetembea hadi kwenye bomba la maji na kurudi, bila ndoo.

Jumatano, 6 Novemba
Waridi halimo.

Nimepekua kila mahali. Nyumba imejaa wanawake. Mjukuu wangu Mwanaesha anaolewa keshokutwa na kijana wa Eldas. Mabegi, mabirika, magauni ya dira yametundikwa hadi juu ya kitanda changu. Sina pa kukaa.

Namshuku Athumani. Kalipeleka kwa yule bibi mapema, ili mengine nisiweze kuyazuia.

Alhamisi, 7 Novemba
Asubuhi nimemwuliza Athumani. Nimeuliza vibaya. "Baba, leo nimekuwa mwizi?" Akaondoka bila kunywa chai.

Alasiri nikapita dirishani kwa wanawake. Waridi langu lilikuwa mkononi mwa Halima, jirani yetu Msomali apakaye hina. Alikuwa ameliinua kwenye mwanga. Karatasi yote imeloa mafuta ya ufuta.

Nilipiga kelele. Sijapiga kelele hivyo miaka mingi.

Halima akanijibu: "Awowe, babu, tulia basi! Mikono ni miwili. Ua la kulia liangalie huku, la kushoto liangalie kule. Karatasi ikikunywa mafuta, ua inaonekana nyuma, naigeuza kwa mkono wa pili. Sasa ua yako imepata bibi harusi, na wewe unalia?"

Wanawake wakacheka. Mwanaesha hakucheka. Alikuwa amenyoosha mikono, hina bado mbichi, hawezi hata kujifuta machozi. "Mimi ndiye niliyelichukua, babu. Nilitaka niende na la kwetu."

Nikatoka.

Ijumaa, 8 Novemba
Harusi. Nimemwombea dua, nikamshika mikono. Maua mawili yameelekeana. Halima hana ila rangi moja, kwa hiyo shina halikukosewa.

Nimemwomba Athumani radhi. Kaniletea sahani ya pilau, akaketi kando yangu. Tumeila pamoja.

Jumamosi, 9 Novemba
Bibi wa Nairobi amekuja. Kavaa glavu nyeupe. Akaziangalia kwa heshima, sina la kumlaumu. Alipofika kwenye waridi akaliweka kando. "Hii ndiyo basi tena, mzee. Mafuta hayatoki."

Nilipomsikia hivyo, moyo ulitulia: waridi linabaki. Nikamwambia achukue zilizobaki. Athumani alinitazama kama hanijui.

Zimeondoka kwenye gari lake, zimefungwa kwa karatasi laini. Zitapita vizuizi vyote hadi Nairobi. Hakuna askari atakayeziuliza kibali. Mimi mkimbizi nikitaka kufika Garissa tu, naomba, nangoja, naambiwa nirudi kesho. Nina wivu na karatasi. Niandike tu, ndiyo kweli.

Jumatano, 13 Novemba
Situlii. Mkono unaufuata mkeka, mkeka mtupu. Mwanaesha naye anangoja kibali cha kwenda kwa mumewe Eldas. Mabegi yake yako mlangoni. Tunayaruka tukipita.

Jumapili, 24 Novemba
Mvua imepita. Hina mikononi mwa Mwanaesha imefifia, imebaki kwenye kucha tu. Kibali bado.

Amelibandika waridi dirishani kwa uji wa unga wa ngano. Jua likipiga, rangi inapita hadi ukutani. Sikujua kwamba lilikuwa na nyuma.

Nimeutoa mkeka kabatini. Nimeutandika. Tumeukalia, yeye na mimi, tunachambua mchele.