Mtihani Niliosema Umesogezwa

Shikamoo Mama Mkubwa,

Najua leo hutaniitikia, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia. Nina jambo la kuungama, halafu nina habari njema. Nianze na la kuungama kabla sijaishiwa ujasiri.

Nilikudanganya. Ule mtihani wa fiziolojia haukusogezwa.

Unakumbuka Alhamisi ile? Ulikuwa umelala chumba cha mbele hapo nyumbani Akheri, umeshaacha kula hata loshoro, yale makande ya maziwa mgando uliyoyapenda, na bado ulikuwa mkali: "Ndeshi, ukiacha mtihani wa kesho kwa sababu yangu, usije kunizika." Nikakutazama, wewe uliyenilea tangu mama alipofariki, nikaona siku zako zimebaki chache. Nikasema, "Umesogezwa, Mama. Hadi wiki ijayo." Ukafumba macho, ukamshukuru Mungu kwa sauti.

Shukrani ile ilinichoma. Nilitoka nje nikalia kwenye migomba, nikanawa uso, nikarudi kukusugua miguu.

Wenzangu walifanya mtihani Ijumaa. Wewe ulituacha Jumamosi, mkono wako ukiwa ndani ya wangu.

Wiki mbili baada ya mazishi chuo kikaniita. Ufadhili wangu ulikuwa na sharti lililoandikwa kwa herufi nene: asiyetokea kwenye mtihani bila ruhusa anafutwa. Ufadhili uleule uliokufanya upige vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa! Nikiupoteza, uuguzi ungekuwa umeishia hapo. Rafiki yangu Neema akaniambia kuna mtu anaweza kuniandikia cheti cha ugonjwa. Sikufichi, nilikwenda hadi mlangoni kwa mtu huyo. Nikageuka. Uongo mmoja tu ulikuwa umenichosha, wa pili ningeubebea wapi?

Basi nikaieleza kamati ya chuo kila kitu. Mwalimu mmoja mzee akavua miwani. "Ungeomba ruhusa tungekupa. Kwa nini hukuomba?"

"Niliogopa mtakataa, mwalimu. Na hata mngekataa, nisingekuja."

Nikaambiwa nisubiri nje. Nilihesabu vigae vya ukuta, nikapotea, nikaanza upya. Waliponiita walinikaripia vizuri tu, halafu wakasema nitapewa mtihani maalumu, na ufadhili utaendelea nikifaulu.

Nimefaulu, Mama. Nimepata A! Na mwezi uliopita nikachaguliwa kuingia chama cha heshima cha wanafunzi wa sayansi za afya, wale wanaovaa utepe wa kijani na kuwafundisha wa mwaka wa kwanza. Baba Mkubwa alikuja kwenye sherehe na koti lake la kanisani, akapiga makofi pasipotakiwa makofi. Mara mbili. Sikuona aibu hata kidogo.

Tulipokaa kwenye benchi kusubiri chakula, nikamwambia na yeye ule uongo. Nilidhani atanuna. Akacheka, yule mume wako asiyecheka.

"Mama yako alijua," akasema. "Ulipotoka tu chumbani aliniambia, 'Chuo gani kinasogeza mtihani siku moja kabla? Mwache anidanganye. Hata mimi sitaki aondoke.'"

Mama. Miezi yote hii nilidhani nimekuzika kinyume cha neno lako. Kwenye ibada nilikuwa nakaa nyuma, kaburini nilikuwa naweka maua haraka haraka na kuondoka, kama mtu aliyeingia shamba la watu. Kumbe ulinitaka pale! Nililia nikicheka, na leso ya Baba Mkubwa niliichafua yote. Wali ukapoa. Tangu siku hiyo napumua, Mama, napumua mpaka chini kabisa.

Jumatatu naanza mafunzo wodini. Naogopa kidogo, ila ni woga wa kawaida, ule wa mtu anayeanza kazi. Nakuahidi jambo moja: kila mgonjwa nitakayekabidhiwa nitamuuliza anataka nani awe karibu naye, na mtu huyo nitamwombea ruhusa mimi mwenyewe, nimtafutie na kiti.

Jumapili baada ya ibada nitakuja kaburini. Safari hii nitakaa.

Kwaheri, Mama Mkubwa. Sasa naweza kukuaga vizuri.

Mwanao,
Ndeshi