Penalti Niliyoikataa

Wilmar, uko wapi? Shika simu! Tumeshuka daraja, na ni kwa mdomo wangu mwenyewe.

Dakika ya themanini na tisa, sare, na sare haitutoshi. Nikaingia kwenye boksi, nikajikwaa, nikaanguka. Refa akatupa penalti, akampa beki wao Olivera kadi nyekundu.

Olivera akaning'ang'ania jezi, analia: "Ezequiel, sijakugusa! Unajua sijakugusa!"

Na kweli hakunigusa, Wilmar!

Nikamfuata refa nikamwambia. Mimi! Miaka kumi na sita nacheza ushambuliaji, sijawahi kukataa hata kona! Akaifuta penalti, na kadi pia. Mpira ukaisha hivyo hivyo.

Kocha kanifokea mbele ya wote: "Ukweli wako kaufungie magoli kwingine. Hapa usirudi!"

Nimejifungia chooni na njumu miguuni. Nusu ya Montevideo iko getini inanitukana. Siwezi kukaa, siwezi kusimama.

Baba kaja sasa hivi. Timu hii kaishabikia tangu utotoni, macho yamemvimba kwa kulia. Nikamwambia, "Baba, tupite mlango wa nyuma."

Akasema, "Wa nyuma wapite waongo. Nipe begi lako, twende."

Natoka naye.