Sina Pingamizi, Mheshimiwa

Dodoma,
Jumapili mchana.

Shemeji yangu Kabula,

Mwangaluka. Najua barua hii huenda ikakufikia jioni, lakini nakusalimia salamu ya asubuhi kwa sababu asubuhi ndiyo huwa una subira ya kunisikiliza. Mayu, mama yetu, anaendeleaje na goti lake? Sayi na Limbu wanakwenda shule, au wanakwenda na ng'ombe halafu wanakuambia walikuwa shule? Na pamba, mvua imeikuta ikiwa wapi? Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, usimtangazie mtu. Mpishi wa hosteli akikonda, wanafunzi wanaanza kuogopa maharage yake.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yako, shemeji, unaiweka sauti kubwa, nikisema neno moja nusu ya kitongoji inachangia. Juzi nilipouliza habari za mdogo wangu Maduhu nilijibiwa na mtu mwenye kikohozi ambaye mpaka leo sijui ni nani. Hili la leo lisome peke yako kwanza. Ukimaliza, wewe ndiye utakayeamua nani mwingine asikie.

Ni habari ya rufaa ya mume wako.

Nianze na yale malalamiko. Nilikuambia nilivyovaa koti langu la harusi, ambalo sasa halifungi kifungo hata kimoja, nikaenda ofisi kubwa ya polisi hapa. Nikaeleza kwamba mdogo wangu alikamatwa kwa ajili ya ng'ombe wawili waliokutwa wamefungwa pembeni ya shamba lake, kwamba alipigwa rungu mpaka mkono ukapinda, kisha akashikwa dole gumba na kugongeshwa kwenye karatasi ambayo hakusomewa. Nilipokelewa vizuri sana. Afisa alinipa kiti, akaandika yote, akasema, "Mzee, hili litafanyiwa kazi." Nikatoka pale kifua mbele, koti likisaidia.

Kumbe kufanyiwa kazi ni kulirudisha kwenye kituo kilekile nilichokilalamikia, ili wajichunguze. Ndiyo maana yule bwana wa pikipiki alikuja kwako, akaomba maji, akanywa, akakuuliza kwa upole, "Mama, nani anawaandikia hizi barua?" Nawe ukamjibu kwamba hapo nyumbani hakuna anayejua kuandika. Wewe! Uliyemwandikia Maduhu barua za uchumba mpaka akaogopa kuzijibu! Nilicheka uliponisimulia. Baadaye nikakaa chini, kicheko kikaisha.

Majibu yao yamefika. Wamechunguza, hakuna askari aliyempiga, na kama alipigwa, iko wapi PF3? Wewe ndiye uliyeifuata hiyo fomu ya kutibiwa alipotoka kwa dhamana, mara tatu, na mara zote kaunta wakasema zimekwisha. Mganga wa zahanati akamfunga mkono kwa huruma tu, hakuandika popote. Sasa mtu aliyepigwa na polisi anaambiwa alete karatasi ya polisi. Nililieleza hili kwa mwenzangu wa jikoni, akadhani nimechanganya maelezo.

Kwenye ofisi ya haki za watu nako nilikwenda. Wakasema jambo likishaamuliwa na mahakama wao hawaligusi. Lakini hawakunifukuza, walinielekeza kwa mawakili wanaosaidia bure, na huko ndiko nilikopeleka ule mwenendo wa kesi ulioufuatilia mahakamani mpaka karani akaanza kukusalimia kwa jina la baba yako.

Wakili ni mama mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Ofisi ni chumba kimoja na benchi, na kila aliyekaa kwenye benchi ana bahasha ya kaki kwapani, nami nikiwemo. Alisoma karatasi zote mbele yangu. Nikawa namtazama kama ninavyotazama sufuria la maharage, naona nikigeuka tu litaungua.

Alianza vizuri. "Hapa panasema alikiri kwamba alikuwa anawapeleka ng'ombe Mwandoya kuwauza. Anapajua?"

"Wakili," nikamwambia, "Maduhu akifika Dutwa anajihesabu amesafiri. Mwandoya hata umpeleke kwa mkono atapotea."

Akacheka. "Na Kiswahili hiki kilichonyooka hivi ni chake?"

Nikamwambia Kiswahili cha Maduhu ni cha kununulia chumvi, mengine yote ni Kisukuma tangu anaamka. Akasema, "Vizuri, hapa pana pa kushika." Shemeji, kwa dakika kama kumi nilimwona mdogo wangu yuko shambani anafokea maksai.

Halafu akafika ukurasa fulani, akauwekea kidole. Akanisomea. Hakimu anamuuliza, haya ndiyo maelezo yako ya kukiri, una pingamizi yakipokelewa kama ushahidi? Mshtakiwa anajibu, "Sina pingamizi, mheshimiwa. Asante."

"Kwa nini alisema asante?" Wakili akaniuliza.

Akanieleza taratibu. Pale ndipo mahali pake pa kusema alipigwa. Angesema neno moja tu, siikubali karatasi hii, hakimu angesimamisha kesi na wale askari wangeitwa waulizwe. Hakulisema. Akilisema leo kwenye rufaa, jaji ataona amelibuni akiwa gerezani. "Nani alimshauri?" akauliza.

Hapa ndipo nilipotaka ufike, shemeji, na nimezunguka sana kukufikisha.

Kabla ya siku ile Maduhu alinipigia. Alikuwa na woga. Mimi ni kaka, naishi Dodoma penye Bunge, na huko nyumbani mnaniona nakunywa chai na wakubwa. Ukweli ni kwamba Bunge nalijua kwa kulipita na baiskeli nikienda kuchukua mchicha. Lakini nani hapendi kuulizwa? Nikasafisha koo kama mtu wa serikali. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hakimu ni kama bhabha. Ukiingia, inama. Akikuuliza jambo usibishe, wabishi ndio wanaofungwa. Mkubalie, mshukuru, ataona una adabu."

Akasema, "Ndiyo, kaka. Hebu rudia." Nikarudia.

Akafanya hivyohivyo. Hata ile asante ni yangu.

Nilimwambia Wakili, "Ni mimi." Akavua miwani akaifuta, akasema wengi wanafanya hivyo, watu wa kwetu hawajazoea kumwambia mkubwa hapana. Alisema ili kunifariji. Nikamwomba aandike kiapo changu kwamba ushauri ule ni wangu. Alikiandika nikasaini, lakini alinieleza wazi kwamba hakitasaidia kitu. Rufaa ameipeleka na siku yake atasimama. "Ila mwambie mke wake," akasema, "asipange maisha yake kwa kuitegemea hii."

Kwa hiyo nakuambia. Usilime eneo la watu wawili. Plau mpe kaka yako aitumie, isikae na kutu inamngoja mwenyewe. Na watoto usiwaambie baba atarudi wakati wa kuchuma pamba. Mimi niliwaambia hivyo mwaka jana, nikasahau kuacha.

Siku zote tunataniana, na umenishinda mara nyingi. Kwa hili usinitanie. Nitukane wazi, nitasoma.

Nisalimie Mayu, lakini haya mwambie ukiona ana nguvu. Msalimie mama mkubwa anayekaa na Limbu ukiwa safarini, msalimie kaka yako, na yule mganga wa zahanati, mwambie mkono aliufunga vizuri. Mwenye kikohozi naye msalimie.

Ukienda gerezani kumwona Maduhu, mwambie kaka yake alikosea. Usiseme alipitiwa, sema alikosea. Mwambie siku ya rufaa akiulizwa kama ana neno, aseme alipigwa, hata kama jaji anafunga faili. Wakili anasema halitabadili kitu. Aliseme tu. Na hataliweza bila kuzoezwa, namjua. Mzoeze hivi: mwambie leo ni Jumatatu, wakati ni Jumapili. Atakubali. Mwambie tena. Usiondoke pale dirishani mpaka amekuambia hapana.

Ni mimi shemeji yako nisiyejua sheria,
Masunga.